Jumapili za Mama Mtandao

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba mtandao ni maji alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenye duka la steshenari, ambaye nusu ya Karatu ilimwita Mama Mtandao. Alikuwa na jina la ubatizo na la ukoo, na sisi tuliofanya kazi mstari mmoja naye tuliyajua. Hatukuyatumia, naye hakutudai. Mteja akija kuuliza, "Yupo Mama fulani?" kinyozi alijibu, "Hapa yupo Mama Mtandao tu, huyo mwingine labda kanisani."

Maduka yetu yalikuwa manne chini ya bati moja, kwenye barabara ya vumbi jekundu inayoteremka kutoka lami. La kwanza lilikuwa lake. La pili ni la pembejeo, ambako niliuza mbegu na dawa za mifugo kwa niaba ya mwenyewe aliyekaa Arusha. La tatu la kinyozi, ambaye pia aliwawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi. La mwisho lilikuwa ofisi ya bwana mmoja aliyepeleka wageni kreta kutazama wanyama. Tulimwita Bosi wa Safari, heshima kidogo na utani mwingi, maana magari aliyoyaita yake mengi yalikuwa ya kukodi.

Laini ya intaneti ilikuwa moja, ya Mama. Iliingia dukani kwake kwenye kisanduku chenye taa za kijani, ikatoka kwa waya, ikatoboa ukuta wangu, ikapita juu ya magunia ya mbolea, ikaenda kwa kinyozi, ikaishia kwa Bosi. Panya walipoanza kuula waya, Mama alikuja kwangu akanunua mpira wa kumwagilia bustani, akaupasua kwa kisu toka mwanzo hadi mwisho, akaulaza waya ndani na kuufunga kwa kamba za katani. Wageni wa Bosi wakiinua macho waliuliza kama tunamwagilia maua darini.

"Ndiyo," Mama aliwajibu kwa Kiingereza chake cha haraka, "na nyinyi ndio maua."

Kwao ni Kilimanjaro, upande wa migomba, ambako maji hushuka kwa mifereji toka mlimani na kila nyumba ina zamu yake. Alituhamishia sheria hiyo kama ilivyo. Asubuhi ilikuwa zamu ya Bosi, ajibu barua za wageni. Kuelekea mchana ilikuwa zamu yangu, niagize mzigo na kutafuta habari za magonjwa ya mimea. Jioni ilikuwa ya kinyozi na filamu zake. Nje ya zamu uliruhusiwa kuchota kidogo, ujumbe mmoja au miwili, lakini hukuruhusiwa kushusha kitu kikubwa. Mtandao ukiwa mzito ghafla tulimsikia akigonga ukuta kwa rula ya mbao.

"Nani amefungulia maji?"

Akagonga tena.

"Nauliza nani amefungulia maji! Kwetu anayefungulia kwa siri anajulikana kwa migomba yake. Kinyozi!"

"Mama, mimi nanyoa. Niko na kichwa cha mtu mkononi."

"Na kompyuta yako inanyoa nini?"

Tuliwahi kumcheka kwamba Mchaga akipewa upepo ataupimia kwenye kilo. Akasema sawa, na Mwiraqw kama mimi akipewa upepo ataufungia zizini, na kinyozi wa kutoka Arusha atautumia wote siku moja na kukopa wa kesho. Alikuwa na neno la kila mtu. Hakukasirika akitaniwa, ila hakusahau, na jibu lake liliweza kukufikia wiki iliyofuata ukiwa umebeba ndoo ya maji na huna pa kukimbilia.

Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba huko Kansay, na nilipoanza kazi mjini, msichana wa kijijini, nilikuwa nikiulizwa bei naitazama meza. Mama hakuniambia nichangamke, kama wengine walivyopenda kuniambia. Alikuja, akasimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai, akazungumza peke yake mpaka chai ikaisha, akaenda. Siku niliyomjibu kwa sentensi nzima alijifanya hakuona. Kuandika pia nilikuwa taratibu, na hata sasa. Akaniambia niandike taratibu hivyo hivyo, kwani yeye anaandika haraka na nusu ya maisha yake imeishia kwenye kufuta.

Kwa kuandika kwake hakukuwa na mfano. Vidole vilikwenda huku macho yakimtazama mteja, na mdomo ukimuuliza habari za shamba. Barua za kuomba kazi alizitunga mwenyewe pale pale, na nyingi zilikuwa nzuri kuliko waombaji. Lakini yalikuwapo mambo asiyoyataka kabisa. Hakutaka simu ya kisasa. Alibeba kitochi kilichofungwa kwa mpira, na kinyozi alipomtania kwamba mpishi hali chakula chake, Mama alisema kwamba kwenye simu mtoto anakuwa mdogo kama picha ya pasipoti. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa hadharani. Nyingine niliijua baadaye.

Mtoto huyo alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa nchi ya mbali yenye baridi, akiwatunza wazee wa watu katika nyumba ya wazee. Vibali vyake vilikuwa bado havijakamilika. Alikuwa haruhusiwi kutoka na kurudi. Akitoka kabla ya kupata kibali cha kudumu, kazi imekwisha na mlango umefungwa. Hivyo walikuwa wakionana kwenye kompyuta tu, Jumapili, baada ya ibada.

Jumapili zile ndizo ninazozikumbuka kuliko siku nyingine zozote. Watu walipotoka makanisani, mji ulinukia mafuta ya kupaka na chapati. Mama alifungua nusu mlango, akiwa bado na gauni la ibada na kilemba. Aliketi mbele ya kompyuta kubwa, akaivuta karibu mpaka uso wake ukajaza kioo chote. Kisha alichukua rula na kugonga ukuta wangu, nami niligonga wa kinyozi, kinyozi akagonga wa Bosi, na kinyozi akapaza sauti, "Mikono juu!" Wote tuliacha. Aliyekuwa anashusha filamu aliisimamisha. Aliyekuwa anapeleka picha za simba kwa wageni aliwaacha wasubiri. Maji yote ya mfereji yakaenda kwa Mama.

Hata hivyo hayakutosha. Picha iliganda kila mara. Kupitia tundu la waya nilisikia, "Mama, umeganda... Mama, unanisikia?" na Mama akijibu, "Nakusikia, wewe ndiye umeganda, umefumba jicho moja." Walicheka. Walisimuliana chakula. Binti aliuliza hali, na Mama alijibu yale yale: "Mimi mzima kabisa. Nakula, nalala, nagombana na kinyozi."

Ni hapo tu alipodanganya. Kwingine alikuwa mkali wa ukweli mpaka kero. Mzee mmoja wa Endabash alileta jani la mahindi amelifunga kwenye gazeti, nikalitafuta kwenye kompyuta pamoja na Mama, tukaona ugonjwa wenyewe. Nilikuwa na dawa dukani ambayo mzee alikuwa tayari kuichukua. Mama alinitazama tu. Nikamwambia mzee kwamba hii haisaidii, ang'oe miche iliyougua aichome. Alipoondoka Mama akasema, "Umepoteza mauzo, umepata mteja." Lakini mwanamke huyo huyo, Jumapili, alikuwa akimwambia mwanawe kwamba ni mzima, na mguu wake wa kushoto ulikuwa haumtii tena.

Ulianza kidogo. Tulidhani ni uchovu. Kisha akawa akitoka kwangu kwenda kwake anatembeza kiganja ukutani, na rangi ya ukuta ikaanza kufifia kwenye mstari huo. Siku moja kikombe kilimponyoka. Nilipoinama kuokota vigae akanishika bega, akasema polepole, tofauti na kawaida yake, "Hospitali wameniambia ni kiharusi kidogo, na kinaweza kurudi. Wewe hujui uwongo, ndiyo maana nakuambia. Binti yangu akijua, atakuja. Akija, mlango wa kule unafungwa, na miaka yote aliyowafulia wale wazee mashuka inakuwa bure. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na simu za kushika mkononi sizitaki, mkono ukitetemeka ataona. Kompyuta haitetemeki."

Baada ya hapo nilielewa ile kuivuta kompyuta karibu.

Watu wanaweza kufikiri kwamba alikuwa mchoyo wa Jumapili zake. Nitasimulia moja. Bosi wa Safari alikuwa na wageni kwenye geti la hifadhi, na kumbe malipo yao, yanayofanywa kwa mtandao, yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau. Dereva akampigia, wageni wamenuna, geti halifunguki. Bosi alikuja mbio na shati halijafungwa, akasimama mlangoni kwa Mama. Binti alikuwa ndiyo kwanza ametokea kwenye kioo.

"Mama, naomba samahani. Naomba maji."

"Leo Jumapili."

"Najua ni Jumapili, Mama. Wageni wako getini."

Mama akamtazama, akakitazama kioo. "Mwanangu," akasema, "kuna mtu geti limemfungia. Tutaonana Jumapili ijayo." Akakata. Bosi alibaki pale hajui aende au apige magoti. "Nenda kafungue geti, unanitazama nini? Mimi si simba." Alipoondoka, Mama alifunga nusu mlango aliyokuwa ameifungua, na hatukumsikia tena siku ile. Jumatatu Bosi alimletea kilo mbili za vitunguu vya Mang'ola na maneno mengi ya shukrani. Vitunguu alivipokea.

Na siwezi kuacha kisa cha kinyozi, kwa kuwa hakuna aliyekaa mstari ule asiyekisimulia. Kinyozi alikuwa na kisanduku chake kidogo chenye matundu, waya wa kwangu unaingia na wa Bosi unatoka. Jumamosi moja alipokuwa anafagia nywele aliona kichwa cha waya kinaning'inia chini ya meza. Akadhani kimechomoka. Kwa wema kabisa akakipangusa kwa taulo na kukichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Hakujua kwamba kichwa cha pili cha waya ule ule kilikuwa tayari kimo kwenye kisanduku hicho hicho. Mtandao ukaanza kujizungukia wenyewe humo ndani, na mstari mzima ukafa.

"Nani amefungulia maji?" Mama aligonga.

"Kwangu halipo hata tone!" Bosi alijibu kutoka mwisho.

"Kwangu taa zinacheza kama za harusi," kinyozi akasema, akifurahi kidogo.

Tulizima, tukawasha. Mama alipuliza vumbi. Bosi alipanda juu ya bati, akashuka na suruali iliyochanika. Jumamosi ikaisha hivyo. Jumapili Mama alikuja na gauni lake na kilemba, akaketi mbele ya kioo kisicho na kitu, na hakuna aliyethubutu kumwambia aende nyumbani. Mchana kitochi kikalia. Tulimsikia akisema, "Hapana, ni mtandao tu. Niko mzima. Si kitu kingine, nakuapia." Kisha akasema, "Usilie basi. Nitazame Jumapili ijayo, utaona."

Jumatatu fundi wa mtandao alikuja, akachomoa waya mmoja mmoja mpaka taa zikatulia. Alicheka hadi akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Kinyozi alisimama na mkasi wake kama mtuhumiwa.

"Mama, niliona waya umepotea njia, nikaurudisha nyumbani."

Mama akajaribu kununa akashindwa. "Mfereji ukirudi ulikotoka unaozesha mizizi, wewe mtu. Siku nyingine ukikuta waya unaning'inia, uache uning'inie. Una raha zake." Tangu siku hiyo kinyozi aliitwa Mrudisha Nyumbani, na hadi leo wapo wanaomwita hivyo bila kujua sababu.

Mstari ule haupo tena. Mwenye kiwanja alitaka kujenga hoteli, akatupa muda, tukatawanyika. Kinyozi ana chumba stendi, Bosi amepanda juu karibu na lami, na mimi niko kwenye duka jipya la pembejeo lenye vioo. Kila mmoja ana mtandao wake. Ni mwepesi, hauna zamu, na hakuna anayegonga ukuta. Wakati mwingine, kuelekea mchana, mkono wangu unasita juu ya kompyuta nikisubiri nipewe ruhusa, na hakuna wa kunipa. Najua ni upuuzi kuukumbuka mtandao mbovu. Ninaukumbuka.

Mama alikwenda Wasso kwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na duka karibu na ofisi za wilaya na nyumba yenye nafasi. Kutoka Karatu ni safari ya siku nzima ya vumbi. Nilisema nitakwenda, na sikwenda, mpaka tajiri wangu alipopata wateja wa dawa za mifugo huko na gari la mzigo likahitaji mtu wa kukabidhi. Nilifika Jumamosi jioni. Jumapili, baada ya ibada, nikaulizia kwa Mama wa kopi, maana huko jina lake lilikuwa jingine, na nikaonyeshwa.

Alinijua kwa hatua kabla hajaniona. "Huyo anatembea kama anaomba radhi ardhi. Karibu mwanangu. Aika, aika," akasema, ambayo kwao ni asante. Alikuwa amepungua. Mguu wa kushoto sasa aliuburuta, na mkono wa upande huo ulikaa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie. Mdomo tu ndio haukuguswa. Aliuliza habari za kinyozi, akanichekesha, akanilisha ugali na maziwa ya mgando. Juu ya bati kulikuwa na sahani nyeupe inayovuta mtandao toka angani. Aliniambia ni mtandao wa nguvu, duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya wageni wanachota humo humo na haupungui.

"Sigombani na mtu," akasema. "Nimechoka kutogombana."

Katika chumba cha ndani alikuwa na kompyuta ya kukunja juu ya meza ndogo, imeelekezwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Alijiandaa kama zamani, kilemba, mafuta kidogo usoni, khanga nzito juu ya mkono usiofanya kazi. Binti akatokea. Nilikuwa sijawahi kumwona vizuri. Picha haikuganda hata kidogo. Ilikuwa safi mpaka nikaona mvi kwenye nywele zake, juu ya sikio, na makunyanzi ya mtu asiyelala. Mama naye alikuwa akiyaona, Jumapili baada ya Jumapili. Hakuyataja. Walizungumza chakula.

Mbele, dukani, mtu akabisha hodi, akimwita mama kwa Kimaasai. "Yeyo! Yeyo, naomba kopi ya kitambulisho!" Mdogo wake alikuwa hajarudi kutoka kanisani. Mama akaniita kwa kidole, akasema kwa furaha ya kujifanya, "Njoo umsalimie dada yako, nihudumie mteja." Nilielewa. Nilitakiwa nikae mbele ya kioo, nikizibe, asionekane anavyoinuka. Nikaketi. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogea, pumzi, kiganja kikitafuta ukuta.

"Wewe ndiye wa pembejeo," binti akasema. "Yule anayegonga ukuta."

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba." Kisha akashusha sauti. "Naomba nikuulize. Mama anasema ni mzima. Mjomba anasema ni mzima. Mimi nawatunza wazee, nimeona jinsi anavyouficha mkono. Kibali changu bado. Nikija, sirudi huku, na hilo nimekwisha kulipima. Nataka tu kujua ukweli. Na wewe utaniambia ni mzima?"

Mama alikuwa mbele, nikamsikia akimtania mteja kwamba kwenye kitambulisho amenuna kama ng'ombe aliyekosa majani. Nilifikiria mashuka ya wale wazee, na miaka. Nilifikiria pia Jumapili zilizobaki, ambazo hakuna aliyejua ni ngapi. Nikasikia mteja akishukuru na mlango wa mbele ukifungwa, na ule mguu ukianza kuburuzwa kurudi kwetu.

Nikashika kompyuta kwa mikono miwili, nikaigeuza ielekee mlangoni.

Mama alitokea akiwa ameegemea ukuta kwa bega. Aliona kioo kinamtazama. Akasimama. Alinitazama mimi kwanza, na macho yale sitayasahau, ingawa hayakuwa na hasira. Kisha akajaribu kuachia ukuta asimame wima, akayumba, akaushika tena.

"Mama," binti akasema.

"Ni mguu tu umekufa ganzi. Nimekaa sana."

"Mama, tembea. Nakutazama."

Hakubisha. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitini, polepole, akiuvuta mguu, na picha haikuganda, na binti hakufumba macho. Nikampokea mkono nikamkalisha. Mama alipangusa uso kwa pembe ya khanga, na mkono ule mwingine ukaonekana wote, naye akauacha uonekane.

Binti akaniita. Alikuwa anavuta kitu karibu, nadhani kalamu.

"Dada wa pembejeo. Basi la kutoka Arusha kuja huko linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. "Ukilala Arusha, uwahi alfajiri."